Kata, jiji zima au uwiano: mfumo upi unawapa walio wachache diwani wao?

Baraza la madiwani likikaa miaka na miaka bila mtu hata mmoja kutoka jamii inayokalia karibu theluthi ya mji, maelezo hayakosekani. Jamii hiyo itaambiwa haijitokezi kupiga kura, haina wagombea wenye uzoefu, haijajipanga. Baadhi ya hayo yanaweza kuwa kweli. Lakini kabla ya kuyakubali, angalia kwanza kanuni inayogeuza kura kuwa viti. Zipo kanuni ambazo chini yake jamii ya wachache inaweza kujitokeza yote, ikawapigia kura watu wake bila kugawanyika, na bado ikatoka mikono mitupu.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya wakazi ambao mji wao unapitia upya namna ya kuchagua madiwani, na wanatakiwa kusema wanataka nini. Nitatumia mji mmoja wa kupimia: baraza lina viti 9, jamii ya wachache ni asilimia 30 ya wapiga kura, na kila upande kwa kawaida humpigia wa kwake. Wachache hao wanaweza kuwa wa rangi, lugha, dini au asili fulani. Hesabu ni ile ile. Pale ambapo kura hazifuati mistari hiyo, tatizo lenyewe halipo. Kwa hiyo tupime pale lilipo.

Na swali la kuanza nalo, ambalo mijadala mingi hulifikia mwisho, ni hili: hao asilimia 30 wanaishi wapi? Wamejaa mitaa miwili mitatu inayopakana, au wametawanyika mji mzima? Mfumo unaowaokoa walio pamoja unaweza kuwaangamiza waliotawanyika.

Kura ya jiji zima

Hapa mji wote ni jimbo moja. Kila mpiga kura ana kura 9, anachagua watu 9, na wenye kura nyingi zaidi wanaingia. Katika mji wetu wa kupimia, asilimia 70 wakiwachagua wagombea wao 9, wote 9 wanapita. Asilimia 30 hawapati kitu, uchaguzi baada ya uchaguzi, hata wangejitokeza wote.

Huu si mfano wa kubuni. Jiji la Mobile, Alabama, liliongozwa na makamishna 3 waliochaguliwa na jiji zima. Wamarekani Weusi walikuwa zaidi ya theluthi ya wakazi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuchaguliwa. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1980, jiji lilishinda, na maoni yaliyoongoza uamuzi yalisema matokeo peke yake hayatoshi: lazima ithibitishwe kuwa kulikuwa na nia ya kubagua. Bunge la nchi hiyo lilirekebisha sheria mwaka 1982 ili athari yenyewe iweze kutazamwa, na mwaka 1986 mahakama hiyo hiyo ikaweka vigezo vitatu: jamii iwe kubwa na iishi kwa ukaribu kiasi cha kuweza kuwa wengi katika jimbo moja, iwe inapiga kura kwa pamoja, na walio wengi nao wawe wanapiga kura kwa pamoja kiasi cha kuwaangusha wagombea wake mara kwa mara. Hata ukiwa nchi nyingine kabisa, kigezo cha pili na cha tatu ni vya kujipima navyo. Chukua matokeo ya kituo kimoja kimoja katika chaguzi kadhaa zilizopita uone kura zinaendaje.

Wanaoutetea mfumo huu husema diwani wa jiji zima hufikiria mji wote, hapiganii barabara ya mtaani kwake tu. Hoja hiyo ina uzito, na katika mji usiogawanyika ningeisikiliza. Katika mji uliogawanyika, “jiji zima” ni jina lingine la walio wengi. Tena kampeni ya mji mzima ni ghali, na jamii ya wachache mara nyingi ndiyo yenye mifuko myepesi zaidi.

Kata zenye diwani mmoja mmoja

Hii ndiyo dawa inayoagizwa mara nyingi zaidi: gawanya mji katika kata 9, kila kata diwani wake. Kama jamii ya wachache inaishi pamoja, dawa inafanya kazi haraka. Yakima, jimbo la Washington, ni ushahidi mzuri. Walatino walikuwa karibu watu 2 katika kila 5 mjini humo, na hakuna aliyekuwa amechaguliwa kuingia barazani chini ya utaratibu uliokuwapo. Mahakama iliamua mwaka 2014 kwamba utaratibu huo ulikuwa unapunguza nguvu ya kura zao. Mwaka 2015 uchaguzi ulifanyika kwa kata 7, na wanawake watatu wa Kilatino wakaingia kwa mpigo.

Kata ina faida nyingine pia: mkazi anamjua diwani wake kwa jina, na mgombea asiye na fedha anaweza kupita nyumba kwa nyumba. Faida hizo si ndogo. Lakini mfumo huu una udhaifu ambao wanaoupendekeza hawausemi vya kutosha.

Wa kwanza ni mchoraji wa mipaka. Mwenye kalamu anaweza kuirundika jamii nzima katika kata moja ili ishinde hapo kwa kishindo na ikose kwingine kote, au akaipasua vipande vipande isifike popote. Derry, Ireland ya Kaskazini, Wakatoliki ndio waliokuwa wengi mjini, lakini katika miaka ya 1960 mji ulikuwa umegawanywa katika kata 3: moja ilibeba Wakatoliki kwa wingi na kutoa madiwani 8, nyingine mbili zikatoa 12 wa upande wa pili, wa Waprotestanti. Walio wengi mitaani wakawa wachache barazani, na kila kura ilihesabiwa kwa usahihi. Hasira iliyotokana na hali hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha harakati za haki za raia mwaka 1968.

Wa pili ni kutawanyika. Katika mji wetu, kama wale asilimia 30 wamesambaa sawasawa, watakuwa asilimia 30 katika kila kata, na watashindwa kata zote 9. Santa Monica, California, ilifika mahakamani kwa sababu inayokaribiana na hii: Walatino ni wachache kiasi kwamba hakuna kata ambayo wangeweza kuwa wengi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya California ilisema si lazima waweze kuwa wengi katika kata ili walalamike, na kwamba katika kupima ni nini kingewapa nafasi, mahakama itazame na njia nyingine zisizo za kata, kama kura ya kupanga au ya kurundika, nitakazozieleza hapa chini. Ni uamuzi muhimu, kwa sababu kwa miaka mingi watu walizungumza kana kwamba kata ndiyo tiba pekee.

Wa tatu ndio unaoniumiza zaidi. Mfumo wa kata unaadhibu kuchanganyikana. Familia za jamii ya wachache zikipata nafuu na kuhamia mitaa mingine, kiti kinayeyuka. Diwani anayetegemea kata ya namna hiyo anajikuta na maslahi katika watu wake kubaki walipo, hata kama walipo ni mtaa wenye shule duni na hewa chafu. Na wale walioko nje ya kata hiyo, hata wakiwa nusu ya jamii, hawana diwani wa kumwita wao. Madiwani wengine 8 nao wanaweza kushinda bila kuhitaji kura yao hata moja.

Miji mingine huchanganya. Lowell, Massachusetts, ilikuwa na baraza la watu 9 wa jiji zima, lililokuwa la weupe watupu wakati wakazi wenye asili ya Asia na Walatino walipofungua kesi mwaka 2017. Suluhu ya mwaka 2019 ilileta kata 8 na viti 3 vya jiji zima, na uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo ulifanyika 2021. Kilichonivutia ni kwamba jamii mbili tofauti zilisimama pamoja, kwa kuwa hakuna iliyokuwa na watu wa kutosha peke yake. Mchanganyiko ni bora kuliko jiji zima tupu. Ila viti vya jiji zima vinavyobaki vitaenda kwa walio wengi vilevile, kwa hiyo kila kiti kinachoachwa humo kihesabiwe kama kimeshatolewa.

Uwiano kwa kura ya kupanga

Huu ndio mfumo ningeutetea katika miji mingi, na ndio usioeleweka zaidi, kwa hiyo nitakaa nao kidogo.

Madiwani kadhaa wanachaguliwa katika eneo moja, lakini kila mpiga kura ana kura moja tu, na anawapanga wagombea: wa kwanza, wa pili, wa tatu na kuendelea. Ili kushinda, mgombea anahitaji kufikisha kizingiti. Kukipata, gawanya kura zote kwa idadi ya viti ukiongeza kimoja, kisha ongeza kura moja. Kwa viti 9 ni asilimia 10 na kura moja. Mgombea akivuka, ziada yake inahamia kwa waliopangwa kufuata. Anayeshika mkia anaondolewa, na kura zake zinahamia vilevile. Kwa njia hiyo kura chache sana zinapotea bure.

Rudi kwenye mji wetu. Asilimia 30 wana viti 2 vya uhakika, na cha 3 kiko karibu mkononi. Hawahitaji kuishi pamoja, hawahitaji mchora mipaka mwenye huruma, hawahitaji mahakama iwatambue. Wanajitambulisha wenyewe kwa namna wanavyopiga kura. Hata ndani yao, kijana asiyekubaliana na wazee anaweza kumpanga mtu wake wa kwanza na mzee wa pili bila kuigawa jamii.

Cambridge, Massachusetts, imekuwa ikitumia njia hii tangu 1941 kwa viti vyake 9. New York City iliitumia kuanzia 1937, na mwaka 1941 Adam Clayton Powell Jr. akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuingia baraza la jiji hilo. Ilifutwa kwa kura ya maoni mwaka 1947, na katika uchaguzi uliofuata, wa 1949, chama kimoja kilichukua viti 24 kati ya 25. Cincinnati, Ohio, iliitumia tangu 1925. Chini yake Frank A. B. Hall, Mmarekani Mweusi, alichaguliwa mwaka 1931. Miaka ya 1950 ilipoonekana kwamba Theodore Berry angeweza kuwa meya Mweusi wa kwanza, kampeni ya kuuondoa mfumo ilitumia hofu hiyo waziwazi, na mwaka 1957 uliondolewa. Berry alikuja kuwa meya mwaka 1972. Ukisikia kwamba mfumo huu “ulijaribiwa ukashindwa”, uliza ulishindwa na nini. Katika miji hii miwili haukuangushwa kwa kukosa kutoa uwakilishi.

Derry nayo ilibadilika. Ireland ya Kaskazini ilirudisha kura ya kupanga katika chaguzi za mabaraza mwaka 1973, na hadi leo ndiyo inayotumika.

Sasa ugumu wake. Karatasi ya kura ni ndefu na hesabu haionekani kwa macho, kwa hiyo elimu ya mpiga kura ni gharama ya lazima. Portland, Oregon, iliyokuwa ikichagua makamishna wa jiji zima tangu 1913, ilihamia kwenye maeneo 4 yenye madiwani 3 kila moja, na uchaguzi wa kwanza ulikuwa Novemba 2024. Wagombea walikaribia 100, na eneo la mashariki, ambalo kwa miaka mingi halikuwa na mtu barazani isipokuwa mara chache mno, ndilo lililokuwa na mwitikio mdogo zaidi wa wapiga kura. Sasa eneo hilo lina madiwani 3 wa uhakika, bila kujali wangapi walijitokeza. Lakini jamii iliyochoka kupuuzwa haiamki kwa sababu tu kanuni imebadilika.

Na hapa angalia idadi ya viti kwa kila eneo, maana ndipo watu hupunjwa. Viti 3 vina kizingiti cha asilimia 25. Viti 5, asilimia 17 hivi. Mtu anaweza kukupa mfumo wa uwiano kwa mkono mmoja na kuunyang’anya kwa mwingine kwa kuugawa mji katika maeneo ya viti viwili viwili, ambako kizingiti ni theluthi. Kama jamii yenu ni asilimia 15, piganieni viti 7 au zaidi kwa eneo, au mji mzima uwe eneo moja.

Kura ya kurundika na kura yenye kikomo

Hizi ni njia za katikati. Katika ya kwanza una kura sawa na idadi ya viti, lakini unaruhusiwa kuzirundika zote kwa mtu mmoja. Kizingiti ni kile kile cha kura ya kupanga, na karatasi ni rahisi. Kaunti ya Chilton, Alabama, ambayo ni kama wilaya, ilianza kuitumia mwaka 1988 na ikapata kamishna Mweusi, Bobby Agee. Kijiji cha Port Chester, New York, kiliitumia 2010 kwa amri ya mahakama. Kila mtu alikuwa na kura 6 kwa viti 6, na Luis Marino akawa Mlatino wa kwanza kuchaguliwa katika bodi yake. Peoria, Illinois, huchagua kwa njia hii madiwani wake 5 wa jiji zima.

Hatari yake ni nidhamu. Jamii ikisimamisha wagombea wengi kuliko inaoweza kuwabeba, kura zinatawanyika na wote wanaanguka. Maana yake kuna mtu atakayelazimika kuwaambia wengine wasigombee, na katika jamii isiyo na chama au baraza linaloheshimika, mtu huyo ni nani? Kura ya kupanga inaondoa mzigo huo, kwa kuwa kura za aliyeshindwa zinahamia kwa ndugu yake. Ndiyo sababu naiweka mbele.

Kura yenye kikomo ni rahisi zaidi kueleza: viti 9, lakini kila mtu ana kura chache kuliko hizo. Tatizo ni kwamba kikomo chenyewe ndicho kila kitu. Ukipewa kura 5 kwa viti 9, jamii ya wachache inahitaji karibu asilimia 36 ili iwe na uhakika wa kiti kimoja, na hao wetu 30 wanakosa. Kwa kura 3, ni asilimia 25. Kwa kura moja, 10. Philadelphia ina viti 7 vya jiji zima, na chama hakiwezi kusimamisha wagombea zaidi ya 5, kwa hiyo viti 2 lazima viende kwingine. Kwa miongo mingi vilikuwa vya Warepublican. Mwaka 2019 chama kidogo cha Working Families kilichukua kimoja, na 2023 vyote viwili. Kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya vyama, si jamii. Ukitaka ilinde jamii, hesabu upya.

Viti vilivyotengwa

Kuna jamii ambazo ni ndogo mno kwa kizingiti chochote. Asilimia 3 ya mji haitavuka 10. Kwao njia pekee ya uhakika ni kiti kilichotengwa kisheria.

India, kwa marekebisho ya 74 ya katiba yake yaliyoanza kutumika 1993, hutenga viti vya mabaraza ya miji kwa jamii za tabaka na makabila yaliyoorodheshwa kulingana na idadi yao, na si chini ya theluthi ya viti vyote kwa wanawake. Wagombea wa kiti kilichotengwa lazima watoke katika kundi hilo, lakini wanapigiwa kura na wakazi wote wa kata, na kata zinazotengwa huzungushwa. Mzunguko huo una kasoro, kwani diwani anaweza kujikuta kata yake imebadilika kabla hajavuna alichopanda. Lakini unaacha alama: utafiti juu ya chaguzi za Mumbai za 1997 na 2002 ulionyesha kwamba kata zilizokuwa zimetengwa kwa wanawake ziliendelea kuwachagua wanawake zaidi kuliko nyingine hata baada ya utengwaji kwisha. Slovenia ina miji 20 ambayo sheria inaitaka iwe na diwani anayechaguliwa na Waroma. Kenya na Tanzania zina viti maalum vinavyojazwa kupitia vyama, na hapo uliza swali moja: aliyeteuliwa anamwogopa nani, jamii yake au aliyeandika orodha? Kiti kilichotengwa kikijazwa kwa kura za jamii yenyewe kina meno. Kikijazwa na ofisi ya chama, mara nyingi hakina.

Udhaifu mkubwa wa viti hivi ni kwamba vinaonekana, na kinachoonekana hushambuliwa. New Zealand iliruhusu kata za Wamaori, lakini wapiga kura wote wangeweza kudai kura ya maoni ya kuzifuta. New Plymouth ilipojaribu, asilimia 83 walizikataa mwaka 2015. Sheria ya 2021 iliondoa kura hizo za maoni, na sheria ya 2024 ikazirudisha. Kiti cha wachache kinachoweza kufutwa na walio wengi wakati wowote ni cha kuazima.

Kuchagua

Kama jamii yenu inaishi pamoja, ni robo ya mji au zaidi, na mahakama au tume huru ndiyo itakayochora mipaka, kata zinaweza kuwafaa, na ndizo rahisi kupata. Kama mnaishi kwa kutawanyika, au mko kati ya asilimia 10 na 25, au hamumwamini mchoraji, daini uwiano kwa kura ya kupanga katika maeneo makubwa. Kama sheria ya nchi hairuhusu karatasi ya kupanga, kura ya kurundika ni mbadala wa heshima, mradi mna chombo cha kupanga wagombea. Chini ya asilimia 5, ombeni kiti kilichotengwa kinachojazwa na kura zenu wenyewe, na mlinzi wake awe katiba au sheria kuu, isiwe kanuni ya baraza. Na popote mlipo, ombeni uchaguzi wa madiwani ufanyike siku moja na uchaguzi mkuu. Uchaguzi wa pekee yake huvuta watu wachache, na wanaobaki nyumbani ni vijana, wapangaji na jamii za wachache kuliko wengine.

Kuna kifungu kimoja kinachosahaulika karibu kila mahali: kiti kikiachwa wazi katikati ya muhula, kinajazwaje? Uchaguzi mdogo wa kiti kimoja ni uchaguzi wa walio wengi, hata katika mji wa uwiano. Scotland, inayotumia kura ya kupanga kwa mabaraza tangu 2007, hujaza nafasi kwa uchaguzi mdogo, na kiti kilichopatikana kwa asilimia 20 ya kura kinaweza kwenda kwa upande mwingine kabisa diwani akifariki. Cambridge hufanya vingine: hurudia kuhesabu karatasi zile zile zilizomchagua diwani aliyeondoka, na wapiga kura wake ndio wanaotoa mrithi. Kifungu hicho kiandikwe katika rasimu ya kwanza, kabla mazungumzo hayajafika kwenye ramani.